Ng'ombe Walikuwa na Ukoo

Watu wa Lanet wakikuambia kwamba Karani alipenda mazishi kupita kiasi, hawakudanganyi. Wiki ambayo hakuna hema lililopigwa popote kati ya Nakuru na Gilgil alikuwa mtu wa kununa, salamu anazijibu kwa kichwa tu, na mgeni angedhani anatuombea tufe. Jumamosi ikija na mazishi mawili, hapo sasa alianza kuimba tangu asubuhi. Alivaa koti la kijivu na raba nyeupe, akabeba mkoba mkubwa wa ngozi wenye chupa ya chai, penseli na bahasha za kaki, kisha akanipigia simu.

"Ndung'u, pikapu iko na mafuta?"

Hilo halikuwa swali. Mimi nauza chakula cha kuku, si mbali na kambi ya jeshi, na hiyo pikapu niliinunua ya kubebea magunia. Tulikuwa majirani wa salamu tu kwa miaka mingi, mpaka siku aliponiona nikipakua mzigo, akaizunguka pikapu mara mbili, akaigonga bodi kwa kidole na kusema itafaa. Tangu hapo nikawa dereva wake. Kila wiki nilimlalamikia mke wangu, na kila wiki nilienda, kwa sababu sijawahi kucheka maishani kama nilivyocheka nikimpeleka yule mama kwenye mazishi ya watu tusiowajua.

Simtaji jina kwa amri yake. Alikuwa karani wa masijala maisha yake yote ya kazi, mtu wa kuitwa faili likipotea, na alipostaafu hakuweza kuacha kutafuta. Nilipomwambia kwamba siku moja nitaandika habari zake, alisema niandike Karani, basi.

"Mimi jina langu liko kwa kitambulisho, liko kwa pasipoti, liko kwa Biblia ya mama yangu," alisema. "Linatosha. Kuna watu hawana hata pahali pamoja. Wao wape majina, mimi uniite kwa kazi yangu, tuone vile inasikika."

Kule kwenye mazishi alichokifuata kilikuwa programu. Kwetu mtu anaweza kuishi miaka tisini bila kuandikwa popote, lakini siku ya kuzikwa atachapishiwa kijitabu cha rangi. Picha yake mbele, nyimbo nyuma, na katikati wasifu: mtoto wa marehemu fulani na marehemu fulani, ndugu wa fulani na fulani, baba yao hawa, babu yao wale. Watu hujipepea nacho, wengine hukikalia nyasi zikiwa na umande, na wakienda kula wanakiacha hapo hapo. Karani alipita nyuma ya mahema, ameinama, akivikusanya kama anaokota mayai. Nyumbani kwake makabati matatu ya chuma yalijaa programu, zimepangwa kwa familia, halafu kwa shamba la mzungu ambako wazee wa familia hiyo walifanya kazi.

"Serikali iliandika babu zetu kwa kodi na kwa makosa," aliniambia. "Hizi zimeandika nani alikuwa wa nani. Mtu akitaka kukutoa kwa ardhi, kwanza anakutoa kwa karatasi. Sasa mimi nawarudisha kwa karatasi. Endesha, tunachelewa."

Uongo aliuchukia sana. Alishawahi kugombana na padri aliyesema marehemu aliacha wajukuu kumi na wawili na yeye amehesabu kumi na mmoja. Lakini huyo huyo, vijana wa langoni wakimuuliza yeye ni nani wa marehemu, alijibu bila kupepesa macho: "Upande wa mama." Nikimwuliza garini kama huo si uongo, alisema kila marehemu ana upande wa mama, na hakuna aliyemaliza kuujua. Siku moja kule Bahati walimwamini kabisa. Wakamketisha meza ya familia, na mfawidhi akamwita mbele azungumze kwa niaba ya wajomba. Mimi nilijificha nyuma ya sufuria za pilau. Karani akasimama, akasahihisha programu ukurasa wa pili, akataja ukoo wa marehemu vizazi vinne kwenda nyuma, na shamba walilozaliwa, na mzungu aliyewafukuza. Ndugu wawili wa marehemu walianza kulia. Mwingine aligundua pale pale kwamba jirani aliyekuwa akigombana naye mpaka wa shamba ni binamu yake. Tulirudi Lanet na mguu mzima wa mbuzi, tumepewa.

Umbeya nao aliukataza. "Mimi sipendi mambo ya watu," alisema, akiwa ametega sikio dirishani kwa saluni. Alisema anafanya utafiti. Tofauti ya utafiti na umbeya, kwa maelezo yake, ni kwamba umbeya hauna faili.

Alikuwa na mchezo mmoja ambao uliwatoa watu macho kwenye foleni ya benki. Angemgeukia mtu asiyemjua na kumwambia: nitajie watoto wako kwa kufuatana, nitakutajia wazazi wako. Kwetu Wakikuyu haya mambo yana mpango. Mvulana wa kwanza hupewa jina la babu yake mzaa baba, wa pili jina la babu mzaa mama, na wasichana vivyo hivyo kwa nyanya zao. Kwa hiyo anayeujua mpango huo anaweza kurudi nyuma kizazi hadi kizazi bila kuuliza mtu. Karani aliutumia vile fundi hutumia bisibisi. Mtu alitoka benki bila pesa lakini anajua jina la babu wa babu yake.

Mimi ni mvulana wa pili kwa mama yangu, basi ninalo jina la baba yake. Na kwa kuwa ninalo jina la baba yake, mama huniita baba. Nimeitwa baba nikiwa na nepi. Nimetumwa chumvi nikiitwa baba, nimechapwa fimbo nikiitwa baba, na hadi leo, mama akiwa amevuka themanini na mimi ndevu zina mvi, akipiga simu husema, "Baba, umekula?" Karani aliposikia hivyo mara ya kwanza alikuwa jikoni kwetu anakunywa chai. Aliweka kikombe chini.

"Na huyo baba mwenyewe alizikwa wapi?"

Mama akamweleza. Alizaliwa kwenye shamba la mzungu mmoja aliyeitwa Kapteni, kati ya Gilgil na Elementaita. Baba yake alikuwa mkamuaji. Huyo baba alikufa mama yangu akiwa mdogo sana, akazikwa huko huko shambani, na haukupita muda emajensi, ile hali ya hatari ya wakati wa Mau Mau, ikaingia. Familia zao zikapakiwa kwenye lori na vyombo vyao, zikapelekwa mbali. Nyanya alikufa bila kurudi. Mama alijua kaburi liko huko kwenye yale makaburi ya wafanyakazi, lakini hakujua ni lipi. Alitaka kitu kimoja tu kabla hajafunga macho: aonyeshwe mahali baba yake amelala, aketi hapo kidogo.

Karani alifunga ile chupa yake ya chai. Alikuwa anatabasamu mpaka nikaona aibu kwa niaba yake. "Mama Ndung'u," alisema, "hiyo ni kazi ya wiki mbili."

Ilikuwa kazi ya miezi tisa.

Tulienda kuona hayo makaburi. Kuna uzio mzuri wa mawe, na ndani yake amelala Kapteni, mke wake, dada yake, na mbwa. Sitanii. Mbwa ana jiwe la marumaru, jina lake, na mstari mzima wa kumsifu. Nje ya uzio kuna kichaka cha mikonge na vilima vidogo kumi na vinne. Hao ndio watu. Karani alikuwa amepata, ndani ya faili la kesi ya zamani ya mpaka, nakala ya karatasi inayoorodhesha vilima hivyo kwa namba na mwezi wa kuzikwa. Namba moja, mpishi. Namba mbili, boi wa bustani. Namba tatu, mtoto wa nyapara. Hivyo hivyo mpaka kumi na nne, hakuna hata jina moja. Namba tano iliandikwa boi wa maziwa. Namba kumi na moja pia iliandikwa boi wa maziwa. Baba yake mama alikuwa mmojawapo.

Shida ikawa kwamba shamba lilikuwa limenunuliwa na tajiri kutoka Nairobi. Alitaka kujenga nyumba za watalii. Makaburi ya ndani ya uzio angeyatunza, wageni hupenda kupiga picha vitu kama hivyo. Ya nje angeyasawazisha apate pahali pa kuegesha magari. Tajiri ni mweusi kama mimi, lakini ramani aliyoshika ilichorwa enzi za Kapteni, na kwenye ramani hiyo neno makaburi linaishia ukutani. Tulipoenda kwa afisa wa ardhi, mtu mpole mwenye kikohozi, alituonea huruma lakini akatuambia wazi.

"Mama, sheria inanibana. Kaburi halina jina, kwa karatasi zangu hicho ni kichaka. Niletee kila namba na jina lake, na jamaa yake aliye hai atie sahihi. Zote kumi na nne. Mkigombania hata moja, wakili wa huyo tajiri ataangusha orodha yote."

Nilidhani Karani atavunjika moyo. Alitoka pale anaruka ngazi mbili mbili. Afisa wa serikali alikuwa amemwomba faili. Hilo kwake lilikuwa harusi.

Basi tukazunguka. Nimeendesha hiyo pikapu Subukia, Njoro, Molo, mpaka kule juu Olenguruone ambako ukungu ulituzuia hatuoni boneti. Karani alifungua makabati yake, akatoa kila programu iliyotaja shamba la Kapteni, akawafuata walioorodheshwa. Mpishi akapata jina. Boi wa bustani akapata jina, na vitukuu wanne, mmoja wao muuza simu mjini Nakuru ambaye alifunga duka akaja kutia sahihi akiwa bado na kalamu sikioni. Kila jina likipatikana Karani aliniambia nipige honi. Nilipiga honi mbele ya makanisa, mbele ya shule, na mara moja mbele ya kituo cha polisi, jambo lililohitaji maelezo.

Mwishowe yakabaki makaburi mawili tu, namba tano na namba kumi na moja, ya wale wakamuaji. Na familia zilikuwa mbili: yetu, na ya Mzee Kipkoech wa Olenguruone, ambaye baba yake pia alikamua kwa Kapteni na pia alizikwa pale. Nani yuko wapi? Karani alipata daftari la posho kwenye sanduku la wajukuu wa nyapara. Halafu akaniuliza, mtoto wa kwanza wa Mzee Kipkoech anaitwa nani? Nikamwambia Kibet. Akafungua daftari. Kulikuwa na Kibet, amekatwa kwa wino mwekundu, mwezi ule ule wa kaburi namba tano. Alikunja mikono yake kifuani kama mtu aliyeshiba. Kifungua mimba ni Kibet, basi babu ni Kibet. Kibet amekatwa kwenye posho, basi Kibet amekufa. Namba tano ni babake Kipkoech, na babu yangu ni namba kumi na moja. Nikapiga honi.

Tukampeleka mama. Alikaa kwenye mkeka kando ya kumi na moja, akaongea na baba yake kwa Kikuyu muda mrefu. Alimweleza lori, na maisha ya nyanya, na wajukuu wote mmoja mmoja, na kwamba mimi nimenenepa. Kisha akalia kama mtoto, mpaka sauti ikamwisha. Karani alisimama mbali amegeuza uso. Siku hiyo hakuna aliyeimba njiani.

Wiki iliyofuata Mzee Kipkoech akashuka kutoka Olenguruone kuja kutia sahihi, na sweta lake na kofia ya manyoya. Karani alimtandazia karatasi ya manila mezani kwetu, ukoo wake wote umechorwa kwa rula. Mzee akaangalia. Akaangalia tena.

"Huyu Kibet hapa juu ni nani?"

"Baba yako," Karani akasema kwa fahari.

"Kibet ni kijana yangu."

"Najua. Ndiyo maana ni baba yako."

Mzee alinigeukia, kama kuuliza kama huyu mama yuko sawa. Halafu akamweleza polepole, vile unamweleza mgeni njia. "Mama, kijana yangu alizaliwa mchana, jua likiwa hapa. Kwetu mtoto wa mchana ni Kibet. Mimi nilizaliwa kukipambazuka, ndiyo naitwa Kipkoech. Hakuna mtu tulichukua jina lake. Baba yangu alikuwa arap Rono. Hajaitwa Kibet hata siku moja."

Karani alikaa chini. Kwanza alicheka. Alicheka mpaka akavua miwani akafuta macho, akasema amempa mzee mtoto wake mwenyewe awe baba yake, na Mzee Kipkoech naye akaanza kucheka, na mimi nikatoka nje kwa sababu mbavu ziliuma. Niliporudi kicheko kilikuwa kimeisha. Mama alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya chai.

"Sasa mimi," aliuliza, "nimelilia nani?"

Karani akaikunja ile karatasi ya manila.

Karani hakwenda mazishi yoyote wiki hiyo. Nilimkuta kwake amekaa na daftari jipya, amewaita majirani wa kila kabila, Mluo, Mturkana, Mluhya, Mkalenjin, anauliza kila mmoja mtoto kwao hupewaje jina. Aliniambia kitu ambacho nimekishika. "Kapteni alituangalia sote akaona maboi. Mimi nimewaangalia wote nikaona Wakikuyu. Ni ugonjwa ule ule, Ndung'u, mimi nimeupata kidogo tu. Dawa yake ni kuuliza mtu." Aliona aibu sana, na aibu hiyo ilimfanya awe mkali zaidi. Siku alizotupa afisa zilikuwa zinaisha, na tajiri alishaleta tingatinga, limeegeshwa kando ya mikonge.

Kilichotuokoa ni njaa. Tulikuwa tunatoka Gilgil, tukasimama Kikopey kula nyama. Mwenye hoteli tuliyoingia alikuwa amepamba ukuta kwa vitu vya mashamba ya zamani: tandiko la farasi, mkebe wa maziwa, na juu ya kaunta ya kukatia nyama, karatasi moja kubwa iliyong'olewa kitabuni, imewekwa kwenye fremu. Karani alivaa miwani kusoma akingoja mbavu. Nikamwona ametulia tuli, halafu mabega yakaanza kutikisika.

"Ndung'u, kuja uone. Ng'ombe wako na ukoo."

Ilikuwa kweli. Rosebud, mama yake Primrose, baba yake dume fulani, nyanya yake Lavender, nyanya wa nyanya yake huyu na yule, vizazi vinne, kwa mwandiko mzuri wa wino. Na chini kabisa, jina la shamba la Kapteni. Kapteni hakumwandika mpishi wake hata jina, lakini ng'ombe alimwandika mpaka nyanya wa nyanya yake. Karani alicheka mpaka meza za jirani zikageuka. Kisha akamwita mwenye hoteli, akamuuliza kitabu kilichobaki kiko wapi.

Kilikuwa chini ya kaunta, kimefungwa kwa aproni. Alikuwa amekinunua kwenye mnada pamoja na lile tandiko. "Hiyo siuzi, mathe," alisema. "Ni ya kurembesha. Lakini ukitaka kusoma, soma hapa, bora unakula."

Tukala. Jumamosi nne mfululizo tulikaa Kikopey, Karani akinawa mikono kwa maji moto kabla ya kila ukurasa, mimi nikimaliza mbavu zangu na zake. Kitabu kilikuwa na kila kitu: ng'ombe, mama wa ng'ombe, galoni za kila siku. Mkamuaji hakutajwa. Jumamosi ya nne Karani alisema tumlete mama. Alimketisha mbele ya sahani, akamuuliza anakumbuka nini cha baba yake, chochote.

"Uso wake siukumbuki," mama alisema. "Namkumbuka Dachesi."

"Dachesi ni nani?"

"Ng'ombe wake. Akirudi nyumbani alikuwa anamtaja kuliko sisi. Dachesi leo amefanya hivi, Dachesi chuchu inamuuma. Mama yangu alimwonea wivu kabisa."

Karani alikuwa tayari anafungua kurasa. Akampata: Duchess, binti wa Countess, mjukuu wa Marigold. Akaufuata mwaka kwa kidole, mwezi baada ya mwezi, galoni nne, galoni nne, galoni nne na nusu, mpaka akafika mwezi wa kaburi namba tano. Hapo galoni zikaanguka zikawa moja, zikawa nusu. Pembeni Kapteni alikuwa ameandika mstari mmoja kwa Kiingereza. Karani aliusoma kimoyomoyo, akaurudia, kisha akatusomea kwa Kiswahili: Duchess amegoma, mkamuaji wake amekufa, nimemtoa Kibet kwa maksai amkamue lakini hamtaki.

Basi Kibet alikatwa kwenye posho ya maksai kwa sababu alihamishwa, akiwa mzima kabisa. Mara moja tu katika kitabu kizima mtu mweusi ametajwa kwa jina, na ni kwa sababu ng'ombe alimkataa.

"Alikataa siku ngapi?" mama akauliza.

Karani alihesabu mistari. "Tisa."

Mama akaweka mfupa chini. "Alikuwa ng'ombe mzuri," alisema, akaanza kulia na kucheka pamoja, kachumbari kidevuni. Mimi nilikuwa na furaha ya kutaka kumbusu huyo ng'ombe, na papo hapo nilikuwa na hasira. Kapteni aliona huzuni ya Dachesi akaipima kwa galoni kila siku. Mtoto wa mkamuaji alikuwa pale pale kwenye nyumba za wafanyakazi, na yeye hakupimwa. Nilimwambia Karani hivyo. Alisema ndiyo, kisha akaniagiza nikapige honi, na nikaipiga mpaka mwenye hoteli akatoka na kisu mkononi kuuliza kuna nini. Alipoelezwa, Jumatatu alitusindikiza mwenyewe hadi kwa afisa na kitabu chake kwenye aproni.

Wakili wa tajiri aliuliza kama kweli ushahidi wetu ni ng'ombe. Karani alimjibu kwa adabu zote za masijala: "Wakili, kwa shamba lile ni ng'ombe peke yao walioandikwa vizuri. Tumetumia kilichopo." Afisa alikohoa, akagonga muhuri mara kumi na nne. Tingatinga liliondoka, na uzio wa mawe ukabomolewa upande mmoja ili wa nje waingie ndani.

Mara yangu ya mwisho kumwendesha Karani, kabla hajahamia kwa binti yake Nyahururu, ilikuwa siku ya kuweka mawe. Alikuja na mafaili kumi na manne mkobani, kila kaburi na lake, akayakagua mawe yote kwa miwani na kumfanya fundi arudie herufi mbili. Mama aliketi kwenye mkeka kando ya namba tano, akaongea na baba yake, safari hii kwa kifupi, akisema mengine alishayasema pale jirani na anafikiri yalisikika. Kisha aliinuka, akashika mkono wangu, tukaenda namba kumi na moja ambako Mzee Kipkoech alisimama peke yake na kofia mkononi.

"Mzee, unisamehe," mama alimwambia. "Nilimlilia baba yako nikidhani ni wangu."

Mzee Kipkoech aliangalia lile jiwe jipya. "Ulilia vile mtu analilia babake?"

"Mpaka sauti ikaisha."

"Basi ni wewe tu," alisema. "Sisi watoto, mama yetu alikuwa ameturudisha Kericho. Tulikuja kusikia ameshazikwa, na hakuna mmoja wetu alifika hapa." Akamgeukia Karani. "Kwa faili ya baba umeandika watoto wangapi?"

"Watano, vile ulisema."

"Ongeza huyu."

Karani alimtazama juu ya miwani. Namjua yule mama. Nilisimama pale nikingoja aulize cheti, au shahidi wa pili, au angalau programu. Alifungua faili, akatoa penseli.

"Wa ngapi?" aliuliza.

"Weka wa sita."

Mama akakataa. Alisema hawezi kuwa kitinda mimba akiwa na umri huu, huyu Kipkoech mwenyewe ni mtoto mdogo kwake, mwaka wa nzige yeye alikuwa anatembea tayari. Mzee akasema mwaka wa nzige hata yeye alikuwa anatembea. Wakabishana pale juu ya kaburi, wamepandisha sauti, mimi na fundi tumeshika midomo, mpaka ikakubaliwa kwamba mama anamfuata kaka mkubwa wa Kipkoech na kumtangulia Kipkoech. Karani alifuta kwa raba, akasogeza watu chini mstari mmoja mmoja, akapuliza vumbi la raba. Kisha akaandika polepole, kwa herufi kubwa, akitamka kila neno ili wote tusikie: Wanjiru wa Ndung'u, mtoto wa pili wa arap Rono.